Sola ilipopanda paa, mvua ikaingia chumbani

Fundi, salamu.

Mimi ni mama wa watoto watatu, ninaishi Lurambi, Kakamega. Nyumba yetu ina vyumba vitatu. Tuliipaua mwaka 2016 kwa mabati ya boksi profile, geji 30, na tangu wakati huo haikuwahi kudondosha hata tone. Mwezi wa pili mwaka huu tuliweka sola, kwa sababu stima huku hupotea kila mawingu yanapokusanyika, na mimi nafuga vifaranga wanaohitaji taa usiku kucha. Paneli ni 6, za wati 550 kila moja, pamoja na inveta na betri.

Aliyezifunga ni mtoto wa wifi yangu, kijana aliyesomea umeme katika chuo cha ufundi. Taa zinawaka, friji inafanya kazi, hapo sina neno. Tatizo ni paa. Upande wetu mkubwa unatazama kusini, naye alisema sola lazima itazame kaskazini. Kwa hiyo alichomelea fremu za vyuma vya pembe zenye miguu, upande mmoja ukainuka karibu nusu mita, akazifunga juu ya mabati kwa skrubu. Nilipomuuliza kama skrubu zimefika kwenye mbao, alisema bati linatosha, maana skrubu zina raba.

Mvua za masika zilipoanza, chumba cha watoto kikaanza kuvuja. Kijana alikuja akapaka silikoni, ile yenye harufu kali ya siki. Tundu moja likinyamaza, jingine linaanza. Sasa korido nayo inadondosha, na korido iko mbali na paneli, karibu na pale waya zinapoingilia. Kuna jambo lingine linalonichanganya: asubuhi nyingine, hata kama usiku haikunyesha, nikichungulia darini naona matone yamening'inia chini ya mabati.

Jirani ananishauri nipake lami paa lote. Lakini maji yetu ya kunywa tunayakinga kutoka paa hilohilo. Mume wangu anafanya kazi Nakuru, huja mwisho wa mwezi, na yeye anasema tumwache kijana kwa kuwa ni mtoto wetu. Nilibakiza shilingi 15,000 za ufundi, nikasema sitalipa mpaka uvujaji uishe, na sasa nasikia wifi yangu ananung'unika kwamba namdhulumu mwanawe. Niondoe sola kabisa? Nibadilishe paa? Nifanyeje na huyu kijana?

Mama Vifaranga, Lurambi

* * *

Mama Vifaranga, pole sana. Kulala huku umetega beseni kitandani kwa watoto ni taabu, na inauma zaidi pale kazi iliyoharibika ilipofanywa na mtu wa nyumbani. Nianze na majibu unayoyangoja. Usiondoe sola, usibadilishe paa lote, usipake lami, na usikubali silikoni nyingine ipakwe hapo. Kinachotakiwa kushuka ni zile fremu. Paneli zitarudi juu kwa namna nyingine, na nitaieleza kwa kirefu ili hata kijana akiisoma aelewe kilichokwenda vibaya.

Kabla ya hayo, usalama. Paneli 6 za aina yako zikiunganishwa kwa mfululizo, kila moja ikitoa karibu volti 50, zinafikisha karibu volti 300 za mkondo mnyoofu, yaani DC. Umeme huo haukatiki kwa kuzima swichi ya ukutani. Jua likiwapo, upo. Waya uliochubuka ukigusa bati lililolowa, paa zima linaweza kubeba umeme. Kwa hiyo mtu yeyote asipande huko wakati wa mvua, hata kwa dakika moja ya kuweka turubai. Siku ya kazi, aanze kwa kuzima inveta, kisha swichi ya kukatia umeme wa paneli, ndipo afungue viungio vya waya. Kuvifungua umeme ukiwa unapita huzua cheche ndefu yenye moto, ambayo imeunguza mikono ya mafundi wengi. Na kama tone linaangukia karibu na taa ya darini katika chumba cha watoto, zima saketi ya taa ya chumba hicho leo hii.

Sasa kiini cha tatizo, ambacho umekiandika mwenyewe: "bati linatosha". Halitoshi, Mama. Bati la geji 30 lina unene wa karibu milimita 0.3. Skrubu inayoshika unene huo haipati hata mzunguko mmoja kamili wa meno yake. Inaweza kushikilia bati lisipeperuke, kwa kuwa hata hapo huwa imeingia kwenye mbao chini yake, lakini haiwezi kushikilia fremu yenye paneli. Paneli moja ya wati 550 ina uzito wa kilo 27 au 28. Uzito huo si tatizo kubwa, kwa sababu unasukuma chini. Tatizo ni upepo, maana huo unavuta juu. Fremu iliyoinuliwa nusu mita nyuma inaushika upepo kama tanga la mashua, na ninyi wa Kakamega mnaijua dhoruba ya alasiri inayopanda kutoka upande wa ziwa. Kila upepo unapovuta, skrubu inacheza kidogo ndani ya tundu lake. Bati jembamba linakatika pembeni, tundu linapanuka, raba inaacha kukaza. Silikoni iliyopakwa juu haiwezi kuzuia chuma kinachocheza. Inapasuka, maji yanapita chini yake, na kwa sababu imefunika tundu, huoni tena pa kuanzia. Ndiyo maana tundu moja likinyamaza jingine linaanza.

Na hiyo silikoni yenyewe ina kasoro. Ile inayonuka siki hutoa asidi inapokauka, na asidi hiyo hula zinki iliyopakwa kwenye bati. Baada ya muda unapata kutu chini ya kiraka. Kwa mabati hutumika silikoni isiyo na asidi, ambayo kwenye mkebe huandikwa kwamba ni "neutral", au gundi ya poliyurethani, au utepe wa butili. Hata hizo ni za kusaidia tu. Paa zuri linazuia maji kwa umbo lake na kwa raba iliyobanwa sawasawa, na gundi inakuja mwisho kabisa, ikiwa imejificha chini ya chuma pasipofikiwa na jua.

Kuhusu kutazama kaskazini, hapa nataka kijana asikilize vizuri. Kanuni ya kuigeuza sola upande mmoja inatoka nchi zilizo mbali na ikweta. Ujerumani wanaielekeza kusini, Afrika Kusini wanaielekeza kaskazini. Sisi ikweta inapita Maseno, kwenye barabara ya Kisumu kwenda Busia, na mji wa Kakamega uko kama kilomita 30 tu kaskazini mwa mstari huo. Nusu ya mwaka jua la adhuhuri liko upande wa kaskazini wa ikweta, nusu nyingine liko kusini. Paa lenye mteremko wa kawaida, likitazama kusini au kaskazini, linakusanya karibu kiasi kilekile kwa mwaka mzima. Paneli inahitaji tu kuinama kama nyuzi 10 au 15 ili mvua iisafishe vumbi, na mabati ya nyumba nyingi huwa tayari yameinama hivyo. Zile fremu hazikuwa na kazi yoyote ya kufanya hapo juu. Zilikuja na gharama ya vyuma, kazi ya kuchomelea, kutu itakayoanza mahali rangi ilipobanduka, na upepo wote huo.

Kwa hiyo paneli zilale sambamba na paa, zikiacha nafasi ya sentimita 10 hadi 15 kati yake na bati. Nafasi hiyo ni ya hewa. Paneli hupimwa kiwandani kwenye joto la nyuzi 25, na kila nyuzi inayozidi hapo huipunguzia nguvu kwa karibu asilimia 0.35. Ikifika nyuzi 65, jambo la kawaida juu ya mabati saa saba mchana, unapoteza kama asilimia 14. Ikibanwa kabisa juu ya bati, hali ni mbaya zaidi, na majani ya miti hukwama chini yake yakazuia maji.

Kabla ya kufungua chochote, tafuteni matundu. Nafikiri una matatizo matatu tofauti yaliyochanganyika.

Yale matone ya asubuhi bila mvua si uvujaji. Ni mvuke wa nyumbani, wa kupika na wa pumzi za watu waliolala, unaopanda na kukutana na bati lililopoa usiku. Hewa ya darini ikipata njia ya kutoka pande zote mbili, chini ya ukingo wa paa na juu kwenye kuta za pembetatu, yatapungua sana. Hakikisha tu hakuna aliyeziba matundu ya hewa kwa hofu ya popo. Wavu unatosha.

Korido nadhani ni waya. Mafundi wengi wa sola hutoboa bati, hupitisha bomba la waya, halafu huzungushia silikoni. Maji hufuata bomba lenyewe hadi ndani. Yakishaingia hutambaa juu ya mbao, na tone linaweza kuanguka mita kadhaa kutoka lilipoingilia, kwa hiyo usilaumu bati lililo juu ya beseni moja kwa moja. Dawa yake ni kutolitoboa paa kwa ajili ya waya hata kidogo. Waya zishuke ndani ya bomba hadi ukingo wa paa, zipite chini ya ukingo na kuingilia ukutani au kwenye ubao wa pembeni. Kabla ya kuingia, zipinde kuelekea chini kisha zipande kidogo, ili maji yadondoke kwenye kile kipindo badala ya kuzifuata ndani. Tundu lililokwisha kutobolewa lizibwe kwa kiraka, nitakueleza jinsi.

Chumba cha watoto ni skrubu za fremu. Ili kuthibitisha, mtu apande darini saa sita mchana, taa zote zikiwa zimezimwa, akae kidogo mpaka macho yazoee giza. Kila tundu litaonekana kama nyota. Aweke alama kwa chaki kwenye mbao iliyo karibu. Yasiyoonekana kwa mwanga yatafutwe kwa mpira wa maji, na hapa kuna utaratibu: mmoja awe juu ya ngazi na mpira, mwingine darini na tochi. Anzeni chini, karibu na gata, mkimwagia mstari mmoja kwa dakika kadhaa kabla ya kupanda mstari unaofuata. Mkianzia juu, maji yatateremka na kuingia tundu lolote la chini, na hamtajua ni lipi. Umeme wa paneli uwe umezimwa, na mtu wa mpira asikanyage paa lililolowa.

Sasa kufunga upya. Sehemu hii fundi wa mabati awepo. Kijana anajua umeme, lakini paa lina ujuzi wake, na kazi hii inahitaji watu wawili.

Chini ya mabati yako kuna papi, zile mbao zilizolazwa kukatiza mteremko ambazo misumari ya bati imezishika. Mistari ya misumari iliyopo inaonyesha zilipo, ndiyo ramani yenu. Kila mguu unaobeba reli ya sola, yaani upau mrefu ambao paneli hulazwa juu yake, uwe juu ya papi, na skrubu iingie ndani ya mbao angalau sentimita 4. Bati la boksi profile lina migongo iliyoinuka na mabonde mapana kati yake. Maji yote hupita bondeni. Kwa hiyo tundu litobolewe juu ya mgongo, kamwe lisiwe bondeni. Ukihesabu kimo cha mgongo, unene wa mguu na raba, skrubu ya milimita 75 hadi 100 ndiyo inayofaa, nene kiasi cha milimita 6. Fupi zaidi ya hapo itaishia hewani.

Kuna jambo ambalo hata mafundi wazuri hulisahau. Chini ya mgongo ni pango. Ukikaza skrubu kwa nguvu zote za drili, mgongo unabonyea, raba inakunjika upande mmoja, na bonyeo hilo linakusanya maji kuzunguka tundu. Drili ipunguzwe nguvu na mkono umalizie. Raba ya EPDM (aina inayostahimili jua na mvua) iliyo chini ya mguu ikitokeza kidogo pembeni kote, hapo inatosha. Ikiwa imetoka nje kama ulimi, imekazwa kupita kiasi na itapasuka ndani ya misimu michache. Njia bora zaidi ni kuingiza kipande cha mbao kilichochongwa kwa umbo la mgongo kati ya bati na papi pale kwenye mguu, hasa mabati yanapokuwa yamefunguliwa kwa ajili ya kubadilishwa. Na skrubu isipigwe kwa nyundo hata mara moja.

Madukani kuna vipande vifupi vya reli vinavyofungwa kwenye mgongo wa bati bila kufika kwenye mbao. Ni vifaa vizuri kwa bati nene, na wanaovitengeneza huandika unene wa chini wa bati unaokubalika. La kwako la milimita 0.3 ni jembamba kwa kazi hiyo. Muuzaji akikwambia havichagui bati, mwombe karatasi ya kiwanda uisome.

Papi zenyewe zikaguliwe. Zikiwa za mbili kwa mbili na zimeanza kuliwa na mchwa au kupasuka, ongezeni ubao pembeni yake kutoka darini, upigiliwe kwenye mbao kubwa za mteremko. Upepo ukivuta paneli, unavuta reli, reli inavuta papi, na papi iliyoshikwa kwa msumari mmoja mzee itang'oka pamoja na bati.

Reli ziwe za alumini. Paneli zako 6 zikisimamishwa wima bega kwa bega zinachukua karibu mita 7 kwa upana, kwa hiyo reli itaungwa. Pale kwenye kiungo paachwe mwanya. Reli ya alumini ya mita 6 ikipata joto la nyuzi 40 zaidi ya lile la asubuhi, inarefuka kama milimita 5 na nusu, wakati bati la chuma la urefu huohuo linarefuka karibu milimita 3. Kila siku jua likichomoza na kutua, reli na bati vinasukumana. Reli ndefu iliyofungwa bila mwanya inahamishia msukumo huo kwenye skrubu, na tunarudi palepale kwenye tundu linalopanuka. Miguu mingi ya kiwandani ina tundu refu badala ya duara kwa sababu hii. Umbali kati ya mguu na mguu usizidi mita 1.2. Paneli zishikwe kwa klampu, na mtu asitoboe fremu ya paneli yenyewe, kwani akifanya hivyo dhamana ya kiwanda imekwisha.

Acheni kama sentimita 30 kutoka ukingo wa chini na kutoka pande. Upepo una nguvu zaidi pembezoni. Isitoshe, maji yanayoteremka juu ya kioo huwa na kasi kuliko yanayopita kwenye bati, na paneli ikifika ukingoni yataruka gata na kukosa tangi. Kwa mtu anayekunywa maji ya mvua kama wewe, hiyo ni hasara kubwa.

Reli zikatwe chini, uwanjani. Cheche za grainda zikiangukia bati huchoma rangi na zinki, na baada ya wiki chache unaona madoadoa ya kutu yasiyoelezeka. Vivyo hivyo unga wa chuma unaotoka kwenye drili: ufagiliwe siku hiyohiyo kwa brashi laini, kabla mvua haijaulowesha. Waya wa kutulizia umeme ardhini, ambao ni lazima uunganishwe na reli maana radi za Kakamega na Kisii hazina mzaha, uwe na ngozi ya plastiki. Shaba tupu ikigusa bati, au hata maji yaliyopita juu ya shaba yakidondokea bati, zinki inaliwa haraka.

Kukanyaga nako kunavujisha paa. Mkanyage juu ya mstari wa papi tu, mkiwa na viatu vya soli laini, na ikiwezekana mlaze ubao wa kutembelea. Epukeni kabisa mahali bati moja linapolalia jingine. Mguu mmoja mzito hapo unafungua mdomo ambao hauonekani kwa macho, na maji ya mvua yenye upepo hupanda ndani yake.

Matundu ya zamani. Kwa hesabu yangu ya fremu kama hizo, una matundu mengi, na baadhi yako bondeni. Kama yamejikusanya kwenye mabati mawili au matatu, badilisha mabati hayo. Bati jipya lenye umbo na geji ileile ni nafuu kuliko kurudia dari na godoro. Kama ni machache, kibandue kiraka cha silikoni chote mpaka bati liwe safi, ukisugua kwa kitambaa chenye spiriti. Tundu lililo mgongoni juu ya papi liwekewe skrubu nene zaidi yenye washa ya raba. Lililo bondeni lipigwe kiraka cha bati la umbo lilelile: ncha ya juu ya kiraka ichomekwe chini ya bati la juu ikiwezekana, pande zilalie utepe wa butili, kisha zishikwe kwa ribiti. Kiraka kilichobandikwa juu tu bila kuchomekwa kitahitaji kuangaliwa kila mwaka. Kuhusu lami, jirani yako ana nia njema, lakini usiiruhusu iguse paa linalokusanya maji ya kunywa. Na maji ya mvua mbili za kwanza baada ya kazi yamwage, yasiingie tangini.

Wasomaji wengine wameniandikia kuhusu paa za aina nyingine, niwajibu kwa ufupi. Mabati ya mawimbi ya mviringo yanafuata kanuni ileile ya mgongo na papi. Vigae vya udongo havitobolewi: kigae kinainuliwa, ndoano ya chuma inafungwa kwenye mbao chini yake, na kigae kinarudishwa baada ya kuchongwa kidogo upande wa chini ili kikae bila kuegemea ndoano. Wale mnaoishi Kericho na Nandi Hills, ambako mvua ya mawe ni ya mara kwa mara, angalieni unene wa kioo mnaponunua paneli. Na kama nyumba yako ni ya zamani na paa ni la asbesto, usitoboe, usikate, usisugue. Vumbi lake ni sumu ya mapafu. Sola ya nyumba hiyo ijengewe nguzo uani.

Sasa kijana. Mama, mumeo ana haki kusema ni mtoto wenu, na wewe una haki kuzuia pesa. Hayo mawili hayapingani. Ila nadhani umekosea njia kwa kuacha habari imfikie wifi yako kupitia watu wengine. Mpigie wewe mwenyewe, au bora zaidi mwende kwake pamoja na mumeo mwisho wa mwezi. Mwambieni waziwazi kwamba kazi ya umeme ni nzuri na mmeridhika nayo, kwamba kasoro ni ya paa, na kwamba mnataka mwanawe ndiye airekebishe akiwa na fundi wa mabati mtakayemleta ninyi. Mweleze kuhusu godoro la watoto. Mama yeyote ataelewa.

Kwa kijana mwenyewe, kaa naye umuulize jambo moja bila hasira: ana leseni ya EPRA, mamlaka ya serikali inayosimamia nishati na petroli? Mamlaka hiyo hutoa leseni kwa mafundi wa sola kwa madaraja, T1 hadi T3, na mfumo mkubwa kama wako unahitaji mwenye daraja la juu. Kama hana, atafute mwenye nayo wa kuikagua kazi, naye ajisajili. Kijana anayejua waya vizuri namna hiyo ana maisha marefu katika kazi hii, kwa kuwa nyumba nyingi kutoka Busia hadi Nakuru zinaweka sola sasa, na akijifunza paa atakuwa na kitu ambacho wenzake wengi hawana. Fremu zile alizochomelea zisitupwe, anaweza kuziuza au kuzitumia kwenye sola ya kujengwa ardhini.

Andikeni makubaliano, hata kama ni kwenye daftari la shule: nani ananunua reli na mabati mapya, nani anamlipa fundi wa mabati, kazi itaisha lini. Maoni yangu ni kwamba vifaa vipya mnunue ninyi, kwa kuwa mtabaki navyo, na kijana atoe nguvu zake bila malipo ya ziada. Msingoje kiangazi. Kakamega hunyesha karibu mwaka mzima, na kila wiki inayopita matundu yanakua. Chagueni siku mbili zilizo wazi, muanze alfajiri na kuwa mmeshuka kabla ya saa nane mchana, wakati mawingu huanza kujenga. Siku ya kwanza shusheni paneli na fremu, zibeni matundu ya zamani, fungeni miguu na reli. Kabla paneli hata moja haijarudi, mwagieni maji sehemu yote kwa mpira, mstari kwa mstari, mtu akiwa darini. Kasoro ikionekana hapo, inarekebishwa kwa dakika chache. Ikijificha chini ya paneli 6, itawagharimu siku nzima.

Zile 15,000 zikae kwako mpaka mvua kubwa ya kwanza ipite na dari ya watoto ibaki kavu. Ikibaki kavu, mtumie kijana pesa zake asubuhi hiyohiyo, na umpigie mama yake kumwambia umemlipa.